Fundi wa Sinza na Beringi Iliyokazana

Sinza ni sehemu ya mji wa Dar es Salaam. Katika miaka ya 1970 Serikali ilipima viwanja huko kwa msaada wa fedha za Benki ya Dunia, na watu wakagawiwa ili wajenge nyumba zao wenyewe. Kwa miaka mingi Sinza ilihesabiwa katika Kinondoni. Siku hizi imo katika Manispaa ya Ubungo. Mtu apitaye Barabara ya Shekilango huona maduka na hoteli, lakini akiingia vichochoro vya nyuma, huko Mori au Kijiweni, ataona kazi ya namna nyingine. Katika nyua za nyumba za watu motokaa zimeinuliwa juu, magurudumu yamelazwa chini, na mafundi wamelala chali mchangani.

Katika ua mmoja wa namna hiyo yuko fundi mtu mzima, mpole wa maneno. Karakana yake ni kivuli cha mwembe, meza ya mbao yenye jiliwa, na sanduku la spana. Anaye msaidizi mmoja, mpwa wake, kijana wa miaka 18, aliyekuja kujifunza kazi baada ya kumaliza kidato cha nne.

Jumamosi moja asubuhi alikuja mama mmoja na pikapu yake, Toyota Hilux ya zamani. Mama huyo ni mchuuzi wa ndizi. Kila siku alfajiri hununua mikungu katika soko la Mabibo, akaipeleka kwa wauzaji wa Mwenge, Tegeta na Bunju.

"Habari za asubuhi, fundi?"

"Njema, mama. Karibu. Gari lina nini?"

"Linavuma. Nikienda polepole halisemi kitu. Nikiongeza mwendo, linavuma kama kinu cha kusaga unga. Na nikikata kona kwenda kushoto, sauti huzidi."

Fundi akatikisa kichwa. Motokaa ikikata kona kwenda kushoto, uzito wake huegemea upande wa kulia. Kwa hiyo alitazama kwanza gurudumu la nyuma la kulia. Akaweka vizuizi mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, akainua gari kwa jeki, kisha akaweka stendi mbili za chuma chini ya ekseli. Hakutumia mawe wala matofali, kwa sababu tofali hupasuka ghafula, na mtu aliye chini ya gari hapati nafasi ya kukimbia. Ndipo akalizungusha gurudumu kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ameuweka juu ya springi. Akasikia mtetemo mkononi, kama changarawe inayosagwa.

"Beringi imekwisha," akasema. "Tukianza sasa, mama, kesho asubuhi utapata gari lako."

Yafaa kujua beringi ni kitu gani. Ni pete mbili za feleji, moja ndani ya nyingine, na katikati yao zimepangwa gololi za chuma kigumu. Pete ya ndani huikaza ekseli na kuzunguka pamoja nayo. Pete ya nje hukaa imara mahali pake. Na gololi hubingirika kati ya hizo mbili. Kitu kinachobingirika husumbua kidogo kuliko kitu kinachokwaruzana. Kila mtu aliyewahi kusukuma pipa anajua jambo hilo. Mwaka 1794 Philip Vaughan, mtu wa Wales, alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake wa kutia gololi katika ekseli ya gari la farasi. Tangu hapo watu wameendelea kuitengeneza kazi hiyo, na leo karibu kila kitu chenye gurudumu kina beringi ndani yake.

Basi fundi na mpwa wake wakaanza kazi. Wakafungua gurudumu, wakatoa dramu ya breki, wakafungua bomba la mafuta ya breki na waya wa breki ya mkono. Nyuma ya sahani ya breki ziko nati nne; wakazilegeza zote. Kisha wakaivuta ekseli kwa nyundo ya kuteleza, yaani fimbo ya chuma yenye uzito unaokwenda na kurudi, mpaka ikatoka katika bomba lake, pamoja na sahani ya breki na beringi yake. Wakailaza mezani, wakaipangusa.

Kijana akaona jinsi vitu vilivyopangwa. Karibu na gurudumu ilikuwapo sahani ya breki. Nyuma yake beringi. Na nyuma ya beringi pete nyingine nene, isiyo na jino wala skrubu wala pini. Hii ndiyo pete ya kubana. Katika ekseli ya namna hii hakuna kitu kingine kinachoizuia beringi isiteleze, wala hakuna kitu kingine kinachozuia ekseli na gurudumu lake visitoke nje barabarani. Pete hiyo ikilegea, gurudumu huondoka na ekseli yake, na gari hubaki na magurudumu matatu.

Kijana akatwaa nyundo kubwa, akaiinua.

"Weka chini," fundi akasema. "Unataka kumpiga nani?"

"Nataka kuitoa pete, mjomba."

"Imeingia kwa hesabu, haitatoka kwa hasira. Umepata kumwona mhunzi akitia jembe katika mpini?"

"Ndiyo, mjomba. Hutia msuka motoni mpaka uwe mwekundu, akauchomelea katika tundu la mpini, akaugongelea."

"Tundu la mpini ni kubwa au dogo kuliko msuka?"

"Dogo kidogo."

"Na hapa ndivyo hivyo. Tundu la pete hii ni dogo kidogo kuliko ekseli yenyewe. Walioitia kiwandani hawakutumia gundi. Chuma kimekumbatia chuma."

Kisha akamwelezea hesabu yenyewe. Chuma kikipata moto hupanuka. Kwa kila digrii moja ya joto huongezeka kiasi cha sehemu 12 katika milioni ya upana wake. Tuseme tundu la pete lina upana wa milimita 40, na pete imepashwa moto kutoka digrii 30 za hewa ya Dar es Salaam mpaka digrii 150. Joto limeongezeka digrii 120. Zidisha 40 kwa 12, kisha kwa 120, ugawanye kwa milioni. Utapata karibu sehemu sita katika mia za milimita moja. Ni kama unene wa unywele wa kichwani. Kwa nafasi hiyo ndogo pete ya moto huteremka mahali pake. Ikipoa hujikaza, na hata jeki ya tani nyingi hupata taabu kuing'oa.

Ziko njia mbaya tatu za kuitoa, na mafundi wengi wamezijaribu. Ya kwanza ni kuipiga beringi kwa nyundo. Feleji ya beringi ni ngumu sana, na kitu kigumu sana huvunjika kama kioo. Kipande chake kikiruka chaweza kulipofua jicho. Ya pili ni kuichoma pete kwa moto wa gesi ya kuchomelea. Pete itapanuka kweli, lakini ekseli nayo itapata moto. Feleji ya ekseli ilipashwa moto na kupozwa kiwandani kwa kipimo ili iwe ngumu. Ikigeuka rangi na kuwa ya buluu, ujue imefikia kama digrii 300, na ugumu wake umeanza kupotea. Ya tatu ni kuisukuma pete kwa nguvu nzima nzima, kisha kuitumia tena ile ile ili kuokoa fedha. Pete iliyokwisha kusukumwa imekwanguliwa tundu lake. Haitakumbatia tena kama kwanza.

Njia iliyo njema ni kuitoa kafara pete ili kuiokoa ekseli. Pete ni kitu cha bei ndogo. Ekseli ni ya bei kubwa. Mtu huisaga pete upande mmoja kwa grainda mpaka ibaki nyembamba kama karatasi, lakini asiiguse ekseli. Kisha huweka tindo juu ya mahali palipo pembamba, akapiga mara moja au mbili. Pete hupasuka, mkazo wake ukaisha, ikateleza yenyewe.

Fundi akampa mpwa wake miwani ya kukinga macho. Akaibana ekseli katika jiliwa, kati ya vipande viwili vya mbao laini, akaanza kuisaga pete. Alipofika nusu ya unene wake akampisha kijana aendelee, akamwambia, "Saga kidogo, tazama, saga kidogo, tazama." Mara mwenye gari la pili akaita langoni, na fundi akaenda kumsikiliza.

Kijana alisaga vema. Cheche ziliruka mchangani, na pete ikawa nyembamba. Lakini alitaka mjomba wake akirudi aikute kazi imekwisha. Akasaga mara moja zaidi pasipo kutazama, na jiwe la grainda likapita katika pete likaigusa ekseli. Ilikuwa kufumba na kufumbua tu. Akatwaa tindo, akapiga, pete ikapasuka kwa mlio mkali. Chini yake, juu ya uso unaong'aa wa ekseli, akaona mkwaruzo mfupi wa kukingama, mrefu kama punje ya mchele.

Akausugua kwa kidole. Haukutoka. Akapaka grisi juu yake, na mkwaruzo haukuonekana tena.

Fundi akarudi, akaona pete imepasuka, akamsifu. Kijana hakujibu neno.

Kisha wakaipeleka ekseli kwenye presi. Presi ya fundi si ya dukani. Aliiunga mwenyewe kwa vyuma vizito vya ujenzi, na ndani yake ameweka jeki ya chupa ya tani 20. Beringi wakaiegemeza juu ya vipande viwili vya chuma, ekseli ikisimama wima, na jeki ikiisukuma kutoka juu. Mbele ya beringi fundi akafunga gunia zito, na wote wawili wakasimama kando. Kijana akapiga mpini wa jeki mara kumi, beringi haikutikisika. Mara kumi na tano, bado. Kijana akataka kuunga bomba refu katika mpini, fundi akamkataza. Akatia mafuta mepesi ya kupenya kutu, akagonga ekseli taratibu kwa nyundo ya shaba, akangoja. Hata alipopiga mpini tena mara mbili, kikasikika kishindo kama cha bunduki, na beringi ikashuka kidogo. Baada ya hapo ilitoka pasipo taabu.

Kutia beringi mpya ni kazi ya uangalifu mwingine. Ile ya zamani ilisukumwa kwa pete ya nje, na haikudhuru kitu kwa kuwa ilikuwa ya kutupwa. Mpya lazima isukumwe kwa pete yake ya ndani tu, ile inayoikaza ekseli. Ukiisukuma kwa pete ya nje, nguvu yote itapita katika gololi, nazo zitatia vishimo vidogo katika njia zao. Beringi itaanza kuvuma siku ile ile ya kwanza. Fundi alikuwa na kipande cha bomba kinachoenea sawasawa juu ya pete ya ndani. Akakitumia hicho, na beringi mpya ikaketi mahali pake.

Ikabaki pete mpya ya kubana. Fundi akaitia katika sufuria ya mafuta juu ya jiko la mkaa, mbali na gari na mbali na petroli, akaning'iniza kipimajoto ndani yake. Akamwambia mpwa wake, "Ikifika digrii 150 nitaitoa, niikaushe, niitie mara moja. Pete ya moto haingoji mtu, na ikishaingia hairudi. Wewe ipanguse ekseli mpaka isibaki hata chembe ya grisi, maana grisi ikibaki chini ya pete, itateleza."

Kijana akatwaa kitambaa safi, akapangusa. Grisi ikatoka, na mkwaruzo ukaonekana unang'aa katika jua la alasiri.

Akautazama. Alijua kwamba baada ya dakika chache pete itaufunika, na hakuna jicho la mtu litakalouona tena. Mama wa ndizi angelipa, angeondoka, na kesho alfajiri angekuwa njiani. Akakumbuka pia kwamba mama huyo huwa na binti yake kando yake.

"Iko digrii 140," fundi akasema. "Uko tayari?"

"Mjomba, ngoja," kijana akasema. "Nimeikata ekseli."

Fundi akaiondoa sufuria motoni. Akaja, akavaa miwani yake ya kusomea, akapitisha ukucha juu ya mkwaruzo, polepole. Ukucha ukakwama.

"Lini?"

"Asubuhi, ulipokwenda langoni. Nikapaka grisi."

Fundi akaketi juu ya tairi, akanyamaza kitambo. Kisha akamweleza mpwa wake kwa nini jambo hilo lisiweze kuachwa.

Mwaka 1842 garimoshi lililotoka Versailles kwenda Paris, huko Ufaransa, lilivunjika ekseli. Mabehewa yakapandana na kuwaka moto, wakafa watu zaidi ya 50. Mwaka uliofuata mhandisi William Rankine wa Scotland akaeleza kwamba ekseli za namna ile hazivunjiki kwa siku moja. Ufa huanza kidogo mahali penye kona kali, ukaendelea ndani polepole, siku baada ya siku, mpaka chuma kilichobaki hakiwezi tena kuubeba mzigo. Baadaye August Wöhler wa Ujerumani alizijaribu ekseli kwa mashine kwa miaka mingi, akaonyesha kwamba mzigo ambao chuma chaweza kuubeba mara moja pasipo shida, waweza kukivunja ukirudiwa mara nyingi.

"Ekseli ya gari hili," fundi akasema, "hubeba mzigo huku ikizunguka. Upande ulio juu sasa utakuwa chini mara moja. Kila mzunguko huupinda mkwaruzo huu huku na huku. Gurudumu likizunguka mara moja, gari limekwenda karibu mita 2. Piga hesabu."

Kijana akapiga hesabu mchangani kwa kijiti. Kilomita moja ni mizunguko 500. Mama huenda kama kilomita 60 kwa siku. Ni mizunguko 30,000. Kwa siku 300 za mwaka ni mizunguko 9,000,000.

"Pengine itastahimili yote," fundi akasema. "Pengine itavunjika mwezi ujao katika Barabara ya Bagamoyo, mbele ya lori. Sisi hatujui. Na kwa kuwa hatujui, hatuna ruhusa."

Kijana akauliza, je, ekseli ikibadilishwa, beringi mpya haiwezi kuhamishwa? Fundi akatikisa kichwa. Ili kuitoa lazima isukumwe kwa pete ya nje, na gololi zake zingeumia. Nayo imekwisha. Hapo kijana akafahamu gharama ya ukimya wake. Kama angalisema asubuhi, ingalipotea ekseli peke yake. Kwa kuwa alinyamaza mpaka alasiri, ilipotea na beringi.

Jioni mama wa ndizi alipokuja, fundi alimwambia yote. "Mama, tumeiharibu ekseli yako katika kazi yetu. Gharama ni yangu. Lakini gari hutalipata kabla ya Jumatatu."

Mama akakasirika. "Na ndizi zangu kesho nitazichukua kichwani?" Fundi hakumjibu kwa ukali, kwa maana neno lake lilikuwa haki. Alimlipia guta ya kuchukua mikungu ya Jumapili.

Jumatatu asubuhi fundi na mpwa wake walikwenda kwa wauzaji wa vipuri wakanunua ekseli iliyotumika. Kabla ya kulipa fundi aliizungusha kuona kama imenyooka, akapitisha ukucha wake kila mahali. Wakanunua beringi na pete mpya. Kazi wakaianza upya, na mara hii kijana ndiye aliyeisaga pete, aliyesukuma presi, na aliyeitia pete ya moto. Mjomba wake alisimama kando akitazama. Wakatoa hewa katika breki, wakarudisha gurudumu, wakalijaribu gari mpaka Mwenge na kurudi. Halikuvuma.

Nusu ya hasara kijana aliilipa kwa kukatwa mshahara wake wa miezi mitatu. Nusu ya pili fundi aliilipa mwenyewe. Watu wa ua ule walipomwuliza kwa nini, alisema kwamba mwanafunzi aliyeachwa peke yake na grainda, kosa lake lina wazazi wawili.

Mama wa ndizi alipokuja kulichukua gari alilipa fedha walizopatana, akaondoka pasipo kusema mengi. Miezi miwili baadaye akarudi kutengeneza breki, naye hakupeleka gari kwa fundi mwingine. Alipoingia uani akamtafuta kijana kwa macho, akamwambia, "Na leo, mwanangu, ukiikata tena, uniambie mapema."

Ekseli ile yenye mkwaruzo haikuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Imetundikwa kwa waya katika tawi la mwembe. Msaidizi mpya akija huuliza kwa nini ekseli nzima kama ile imewekwa bure. Kijana huishusha, akaipangusa, akamwambia apitishe ukucha.